Pima pembe ya propela kabla ya kuchomelea maunti

Ukiweka injini ya 4A-GE na giabox yake ya T50 kwenye Toyota Corolla KE30 iliyokuja na injini ya 3K ya cc 1166, usichomelee maunti (vishikio vya injini na giabox) moja kwa moja. Piga pointi tu (weldi ndogo za kushikilia kwa muda), kisha shusha gari lisimame kwa magurudumu yake. Weka simu yenye programu ya kupima mwinamo kwenye uso ulionyooka wa giabox, kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giabox hadi difu), halafu kwenye flanji ya difu. Giabox na difu viwe sambamba: giabox ikiinamia nyuma nyuzi 3, flanji ya difu itazame juu nyuzi 3. Tofauti kati ya propela na kila upande ibaki nyuzi 1 hadi 3.

Krosi (kiungo kinachopinda kwenye kila ncha ya propela) ikiwa imepinda haizungushi propela kwa mwendo sawa. Inaharakisha na kupunguza kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kasoro hiyo pale tu pembe zinapolingana. Zisipolingana, gari linatetemeka kwenye mwendo mkubwa, na fundi ataishia kubalansi magurudumu bure.

KE30 ina springi bapa nyuma, na ukikanyaga mafuta pua ya difu (upande wa mbele wenye flanji) huinuka. Kwa hiyo ianze chini kidogo ya usambamba huo, nyuzi 1 au 2, kwa kabari kati ya springi na ekseli.

Vipimo ni batili gari likiwa kwenye stendi, magurudumu yananing'inia. Na propela ya vipande viwili ina hesabu nyingine: kila krosi hupimwa peke yake.