SAT au ACT: jinsi ya kuchagua na kujisajili ukiwa Afrika Mashariki

SAT na ACT ni mitihani ambayo vyuo vikuu vya Marekani hutumia kudahili wanafunzi. Anza na vyuo, mtihani ufuate. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo cha Marekani unachokitaka, usome kinadai nini. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Harvard, Dartmouth na Caltech zikafuata mwaka 2024. University of California haitazami alama hizi kabisa, na vyuo vingi vinakuachia uamue mwenyewe kuzituma au la. Vinavyozidai hupokea SAT na ACT kwa uzito uleule, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mmoja una hadhi kuliko mwenzake.

Kisha tafuta kituo kwenye tovuti za mitihani yenyewe, kabla hujanunua kitabu chochote. Ikiwa mmoja unafanyika mjini kwako na mwingine unadai safari ya usiku kucha na pesa ya kulala, umeshapata jibu.

Kama yote miwili inafikika, pima jinsi unavyosoma. SAT huchukua saa 2 na dakika 14, kwenye kompyuta, na alama zake ni 400 hadi 1600. Vifungu vyake vya kusoma ni vifupi, kila kimoja na swali lake moja. Hisabati ni maswali 44 kwa dakika 70, na fomula za msingi pamoja na kikokotoo vimo ndani ya programu ya mtihani. ACT, yenye alama 1 hadi 36, ina mwendo wa kasi zaidi: kwa toleo lililoanza mwaka 2025, Kiingereza pekee ni maswali 50 kwa dakika 35. Vifungu vya kusoma ni virefu, fomula unakuja nazo kichwani. Sehemu ya Sayansi sasa ni ya hiari, nayo hupima zaidi usomaji wa grafu na majedwali kuliko ulichokariri darasani.

Fanya jaribio kamili la kila mmoja, simu imezimwa na saa inahesabu. Majaribio ya bure yapo mtandaoni. Linganisha: 31 ya ACT ni sawa na kama 1400 ya SAT. Chagua mmoja, ukae nao. Kujiandaa kwa yote miwili huku una mitihani ya taifa ni kujichosha bure.

Unapojisajili, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama shuleni wanakuita vingine. Jina lisipolingana na kitambulisho unaweza kurudishwa mlangoni, na ada ikapotea. Malipo ni kwa kadi ya benki inayokubali manunuzi ya nje. Mwambie mzazi aulize benki mapema. Maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba kwa vyuo vingi, hivyo lenga mtihani wa Agosti, Oktoba ubaki akiba.

Kwa SAT, pakua Bluebook, programu ya kufanyia mtihani huo, kwenye laptop, si simu, na ukamilishe maandalizi humo siku chache kabla ili upate tiketi ya kuingilia. Taja pia vyuo 4 vya kutumiwa alama bila malipo. Nafasi hiyo hufungwa siku 9 baada ya mtihani. Siku yenyewe usiache swali wazi, maana jibu la kukosea halipunguzi alama.