Namna ya kula raha kwenye chumba cha kupanga bila kugombana na nyumba nzima

"Chumba changu, kodi nalipa mwenyewe, hamna wa kunipangia." Hayo maneno nishayatoa kwa mdomo wangu, Mbagala, nyumba ya vyumba sita, sabufa ndo kwanza nimeinunua ina wiki haijaisha, na aliyenigongea mlango alikuwa mama wa chumba cha pili ambaye ni nesi na alikuwa ametoka shifti ya usiku, kajifunga kanga macho mekundu, akaniambia tu "sawa baba" akaondoka. Bora angenitukana.

Sasa kitu ambacho sikukijua ni kwamba nilikuwa na haki ila nusu. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, kwenye zile haki zilizoingizwa na mabadiliko ya 1984, ibara ya 16 inalinda maisha yako binafsi na maskani yako, kwahiyo ndio, chumba ni chako na mtu hawezi kuja kujiingilia tu kukuchagulia mziki. Ila shuka mpaka ibara ya 30 utakuta inasema haki zako usizitumie mpaka zikavuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Na ukirudi ile 16, yule nesi nae anayo, maskani yake ni ule ukuta wa pili, yaani tunagawana tofali moja alafu kila mtu anadai ni lake.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla hujachomeka chochote angalia juu. Nyumba nyingi za uswahilini hazina silingi, na kuta za ndani zinaishia njiani hazifiki kwenye bati, kwahiyo sauti yako inapanda inazunguka inashukia vyumba vyote, hata ukikohoa mtu wa chumba cha mwisho anakupa pole. Kama nyumba yako iko hivyo jua mapema kwamba kufunga mlango hakusaidii kitu.

Alafu ujue nani analala saa ngapi. Hili watu wanaliruka kabisa, wanadhani usiku ndo muda pekee wa kuheshimu, kumbe kuna mlinzi analala saa nne asubuhi, kuna dada wa chipsi anarudi saa nane usiku, kuna mwenye kichanga ambaye yeye hana ratiba kabisa. Huna haja ya kuuliza kama polisi, we salimia, kaa kibarazani siku mbili tatu utajua kila kitu.

Sabufa yenyewe usiiweke chini sakafuni wala kuigandamiza kwenye ukuta wa jirani. Besi ndo inayoua watu, maneno ya wimbo hayafiki ila ile du du du inapita kwenye saruji mpaka kwenye kitanda cha mtu. Inyanyue, iweke juu ya stuli yenye kipande cha godoro au zulia lililokunjwa, isogeze ukuta wa nje, punguza besi hata robo. Baada ya hapo fanya jaribio: muombe jirani, washa kwa sauti unayoipenda, nenda kasimame mlangoni kwake usikilize mwenyewe. Mimi nilifanya hivi nikaona aibu, maana nilikuwa najua naskiliza kidogo tu.

Kisha ongea masaa. Niliporudi kwa yule mama (nilienda na shikamoo ya heshima nikanunua na sukari kilo moja, usicheke) sikumuuliza "kwani nakusumbua?", hilo swali mtu lazima akujibu hapana, nilimuuliza analala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, nikampa na namba ya simu anitumie meseji badala ya kuja kugonga. Kilichonishangaza nilipata uhuru mwingi kuliko nilivyokuwa nao mwanzo, maana siku anazoingia kazini alikuwa ananiambia mwenyewe, leo nipo shifti, fungulia mwanangu. Zamani nilikuwa nafungulia huku roho haijatulia.

Kukiwa na msiba nyumbani au nyumba ya jirani, unazima, hilo halina mjadala. Ukitaka sherehe ya turubai na spika kubwa nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe kibali mapema, na watu wa nyumba uwaambie kabla hawajaona viti vinashushwa.

Sabufa inanikumbusha LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla ambayo nyumba nzima mnachangia, na huku ndo kuna ugomvi mbaya zaidi. Mita za matumizi madogo zinapata umeme wa bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, mkipita hapo bei inaruka zaidi ya mara mbili. Kwahiyo we mwenye hita ya maji na jiko la umeme ukisema "si nachanga kama wenzangu" unakuwa umempandishia bei hata bibi mwenye taa moja. Kama una vitu vizito toa zaidi bila kusubiri kuambiwa, au ongea na mwenye nyumba ufungiwe mita yako ndogo ya pembeni. Zamu ya choo na uwanja sisemi, unajua.

Na kama wewe ndo unayekoseshwa usingizi, usipige kelele dirishani saa saba usiku, mtu akiwa na wageni wake hatakubali kushushwa. Subiri asubuhi, nenda peke yako, mwambie siku na saa, mwambie unachotaka ("ikifika saa nne punguza besi"), sio "we kijana huna adabu". Ikishindikana mara mbili ndo umuone mwenye nyumba, alafu mjumbe, alafu mwenyekiti wa mtaa. Kama kelele ni za baa sio za mpangaji, hiyo mpaka NEMC (baraza la serikali la mazingira) inawahusu, kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, ila hata huko anza na ofisi ya mtaa, na ukienda uwe umeandika tarehe zako kwenye daftari, ukienda na hasira tu utaambiwa urudi kesho.