Shule ya chata: usiangalie sweta, angalia hesabu

Kila Februari simu yangu haitulii. "Dada, shule fulani ya chata ni nzuri?" Mimi si mwalimu, nahudumia wagonjwa zamu ya usiku hapa Brooklyn Park, Minnesota. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa. Shule ya kwanza niliipendea sweta zake za rangi ya zambarau. Januari ikaja barua: mwaka ukiisha tunafunga.

Kwa hiyo anza na pesa. Shule ya chata (charter school) ni ya umma, ila huendeshwa na bodi yake yenyewe, si wilaya, na hulipi karo. Sheria ya kwanza ya shule hizi Marekani ilipitishwa hapa Minnesota mwaka 1991. Jimbo hulipa kwa kichwa cha mwanafunzi. Shule ya wilaya ikipungukiwa inaweza kuwaendea wapiga kura waongeze kodi ya nyumba. Chata haina mlango huo. Hata pango la jengo, jimbo husaidia asilimia 90 au dola 1,314 kwa mwanafunzi, kile kilicho kidogo. Watoto wakipungua, msaada unapungua, na mwenye jengo anataka chake vilevile.

Fungua tovuti ya shule, tafuta kumbukumbu za vikao vya bodi, shuka mpaka ripoti ya fedha. Linganisha watoto waliopangiwa bajeti na waliopo darasani. Ile yetu ilipanga 310, wakaja 262. Karatasi hiyo ilikuwa wazi tangu Oktoba! Mimi nilikuwa napiga pasi sweta.

Kisha nenda kikaoni, maana kisheria vikao viko wazi. Katika bodi lazima awemo mzazi. Mvizie kwenye maegesho, muulize: walimu wangapi waliondoka mwaka jana? Ndani watakupa tabasamu na vidakuzi. Ukweli uko nje penye magari.

Matokeo utayapata kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Usiishie kwa waliofaulu MCA, mtihani wa jimbo. Tafuta safu ya wanaojifunza Kiingereza, ndio watoto wetu, uone wanapanda au wamekwama.

Kuandikisha kwenyewe ni kazi ndogo. Hakuna mtihani wa kuingia. Maombi yakizidi nafasi hupigwa bahati nasibu, na ndugu za waliomo hutangulizwa. Makaratasi ya uhamiaji si sharti, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1982. Mkalimani ni bure, mwombe, usimbebeshe mtoto kazi hiyo.

Na uliza basi linapita saa ngapi. Shule ya pili hesabu zake zilikuwa safi kabisa, ila kitinda mimba wangu alichukuliwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, giza totoro, theluji magotini. Sasa yuko shule ya wilaya, nyuma ya nyumba yetu.