Jinsi ya Kuchagua Soksi za Kubana kwa Mbio Ndefu

Mkimbiaji anayenunua soksi za kubana kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutazama rangi, huuliza bei, hutaja namba ya kiatu chake, kisha huondoka na pakiti mkononi. Nami nilianza hivyo hivyo. Soksi nilizonunua zilinikaa vizuri kwenye unyayo, lakini nilipofika kilomita ya 25 ya mazoezi yangu marefu, ukingo wa juu ulikuwa umechora mstari mwekundu chini ya goti, vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na ikanibidi nikae kando ya barabara nizivue. Soksi zenyewe hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimefumwa kwa ajili ya mguu wenye shavu jembamba kuliko langu, nami sikuwa nimepima kitu kingine zaidi ya unyayo. Tangu siku hiyo ninashikilia kwamba soksi hizi huchaguliwa kwanza kwa utepe wa kupimia, na mambo mengine yote hufuata baadaye.

Ili kuelewa kwa nini kipimo kina uzito huo, ni vyema kujua kazi ya soksi yenyewe. Damu iliyoshuka hadi unyayoni hurudi moyoni kwa kupitia mishipa iitwayo vena, ikipanda kinyume cha nguvu ya uvutano, na kinachoisukuma zaidi ni misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapojikaza huzikamua vena hizo, huku vali ndogo zilizomo ndani yake zikiizuia damu isirudi chini. Soksi ya kubana huiongezea misuli hiyo msaada kutoka nje. Kwa sababu hiyo, soksi iliyotengenezwa ipasavyo hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu, na mbano huo hupungua kidogo kidogo kadiri soksi inavyopanda kuelekea goti. Soksi iliyolegea chini na kukaza juu hufanya kinyume chake: huifungia damu njia mahali inapotakiwa kupita. Ndiyo maana soksi ndefu ya kawaida yenye lastiki kali chini ya goti haiwezi kuchukua nafasi yake, hata kama kwa macho zinafanana.

Tuseme pia kwa uwazi kile ambacho mkimbiaji anaweza kukitarajia. Tafiti nyingi zilizolinganisha wakimbiaji waliovaa soksi hizi na wasiozivaa hazikuona tofauti ya maana katika muda wa kumaliza mbio. Ushahidi una nguvu kidogo zaidi kuhusu maumivu ya misuli ya siku zinazofuata, ingawa hata hapo matokeo hayakubaliani yote. Inajulikana vilevile kwamba soksi hupunguza mtikisiko wa misuli ya shavu kila mguu unapokita chini, na katika marathoni ya kilomita 42.195 mguu hukita chini mara elfu nyingi. Wapo wakimbiaji wengi wanaosema miguu yao huwa mepesi zaidi wanapozivaa, nami ni mmoja wao. Lakini anayezinunua ili apate kasi asiyoifanyia mazoezi, au ili aendelee kukimbia juu ya maumivu ya mfupa wa muundi, anazitwika soksi mzigo usio wake.

Nguvu ya mbano hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile kinachotumika kupima shinikizo la damu, na kwenye pakiti huandikwa kwa alama ya mmHg. Soksi nyingi za wakimbiaji huwa kati ya 15 na 20, au kati ya 20 na 30. Kwa anayeanza, ningependekeza kiwango cha 15 hadi 20, kwa kuwa kinatosha kuhisiwa bila kuuchosha mguu, na ni rahisi kuvaa na kuvua. Kiwango cha 20 hadi 30 kinamfaa aliyekwisha kuzoea na ambaye vipimo vyake ni sahihi kabisa, kwa maana kosa dogo la saizi hapo huonekana haraka. Zaidi ya 30 ni eneo la matibabu, na huvaliwa kwa ushauri wa daktari.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Baadhi ya pakiti hazitaji milimita bali hutaja daraja, na madaraja hayo hayalingani kutoka nchi moja hadi nyingine. Daraja la 2 kwa viwango vya Ufaransa ni kati ya 15 na 20. Kwa viwango vya Uingereza ni kati ya 18 na 24. Na kwa viwango vya Ujerumani ni kati ya 23 na 32. Mtu aliyezoea daraja la 2 la Ufaransa akiagiza daraja la 2 la Ujerumani atapokea soksi nyingine kabisa. Kwa hiyo soma milimita, si daraja. Pakiti isiyotaja milimita wala daraja, bali inayosema tu kwamba soksi hizo ni za kubana, irudishe mahali pake.

Sasa tuje kwenye kupima. Chukua utepe laini kama ule wa fundi cherehani, upime asubuhi muda mfupi baada ya kuamka, kabla miguu haijaanza kuvimba kwa kusimama na kutembea, na kamwe usipime baada ya kukimbia. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu. Cha kwanza ni mzunguko wa kifundo, na hupimwa mahali palipo pembamba kuliko pote, juu kidogo ya yale mafundo mawili ya mfupa. Wengi huuzungusha utepe juu ya mafundo yenyewe na kupata kipimo kikubwa kuliko kilivyo. Cha pili ni mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, ambapo huna budi kuupandisha na kuushusha utepe mara kadhaa hadi ulipate pale linapojaa hasa. Cha tatu ni urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la nyuma ya goti, ukiwa umekaa na unyayo umekanyaga chini. Utepe uguse ngozi bila kuiminya. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa si jambo la ajabu mmoja kumzidi mwenzake kwa sentimita moja au zaidi.

Umakini huu una sababu ya kifizikia. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu ile ile, hubana zaidi kwenye mguu mwembamba kuliko kwenye mguu mnene, na milimita zilizoandikwa kwenye pakiti ni kweli tu kwa mguu ulio ndani ya vipimo vya saizi hiyo. Shavu lako likizidi saizi, kitambaa huvutika kupita kiasi, nawe unabeba mbano ambao hakuna aliyekuandikia. Likipungukiwa, umenunua soksi ndefu tu. Tuseme kifundo chako kinaangukia kwenye saizi ndogo na shavu lako kwenye saizi ya kati, jambo linalowatokea wakimbiaji wengi wenye misuli iliyojengeka. Usijilazimishe kuchagua moja ukitumaini kwamba kitambaa kitavutika. Tafuta kampuni nyingine ambayo jedwali lake linauweka mguu wako mzima ndani ya saizi moja, na ukikuta jedwali linalouliza namba ya kiatu peke yake, pita.

Zipo pia soksi zisizo na unyayo, ambazo huanzia juu ya kifundo na kuishia chini ya goti. Zinamfaa mtu mwenye soksi fupi anazozipenda na ambaye hataki kuzibadilisha, na ni rahisi kuvua njiani. Udhaifu wake ni kwamba unyayo hubaki nje ya mbano, hivyo baada ya mbio, na hasa katika safari ndefu ya kukaa kwenye gari au ndege, soksi kamili ndiyo bora.

Kwa upande wa kitambaa, mchanganyiko wa nailoni au poliesta na spandeksi ndio wa kawaida, na spandeksi ndiyo inayovuta na kubana. Sufu ya merino ni laini na haishiki harufu upesi, ingawa huwa ghali zaidi. Epuka pamba: hunyonya jasho na kubaki nalo, na ngozi iliyolowa ikisuguana na kitambaa kilicholowa hutoa malengelenge. Pitisha kidole ndani ya soksi, kwenye mshono wa vidoleni. Ukiuhisi umejitokeza kama uzi mnene, jua kwamba baada ya saa 3 za kukimbia utauhisi mara kumi zaidi. Kisha ivae pamoja na viatu vyako vya kukimbilia, kwani miguu huvimba katika mbio ndefu na kiatu kilichokuwa na nafasi ya kutosha huweza kugeuka kuwa kifinyu.

Namna ya kuivaa nayo ni sehemu ya jaribio. Ingiza mkono hadi kisiginoni, ushike kisigino, uigeuze soksi nje ndani hadi hapo, uingize vidole na unyayo, ukikalishe kisigino mahali pake, halafu uipandishe kidogo kidogo kwa kuisambaza kwa viganja. Usiivute kwa kushika ukingo wa juu, kwa sababu kitambaa chote hukusanyika karibu na goti na mbano hupotea pale unapotakiwa. Ukingo uishie upana wa vidole viwili chini ya kunjo la goti. Ikiwa ndefu mno, usiikunje, kwa maana tabaka mbili hubana mara mbili. Baada ya hapo sikiliza vidole vyako. Vikiwa vya baridi au vya kuchonyota, soksi hiyo si yako.

Jaribio la mwisho hufanyika barabarani. Anza na mbio fupi, kisha uzivae katika mazoezi yako marefu angalau mara mbili au tatu kabla ya siku ya mashindano. Ukizivua, alama hafifu za mfumo wa kitambaa zinazofutika baada ya muda mfupi si tatizo, ila pete nyekundu iliyochimbika chini ya goti ni tatizo.

Wapo wasiopaswa kuzinunua kabla ya kumwona daktari: wenye ateri za miguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zilizoziba au kusinyaa, wenye moyo kushindwa kufanya kazi yake, wenye kisukari kilichopunguza hisia miguuni, na wenye vidonda au maambukizi ya ngozi. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto bila sababu inayoeleweka, usiufunike kwa soksi. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya vena, na huo ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Soksi ulizozichagua kwa taabu hii zifulie kwa maji yasiyo moto na sabuni laini, bila dawa ya kulainisha nguo wala ya kung'arisha. Usizisokote unapozikamua, ziviringishe ndani ya taulo uliminye, kisha zianike kivulini. Joto la mashine ya kukausha na jua kali huchosha spandeksi, na hata zikitunzwa vizuri, kwa matumizi ya mara kwa mara hudumu takriban miezi 6 kabla mbano wake haujapungua. Dalili utaipata asubuhi unapozivaa: siku soksi itakapopanda mguuni bila kukushindania hata kidogo, chukua tena ule utepe, kwa sababu baada ya miezi ya mazoezi huenda shavu la mguu wako nalo limebadilika.