Jinsi ya kulinganisha sauti ya santuri na CD nyumbani

Wadau wa Mwanza mliorithi santuri za wazee, kabla hamjabishana ipi kali fanyeni hivi. Tafuta albamu ileile kwa santuri na CD, zote zipite ampu (kikuza sauti) moja na spika zilezile. Futa santuri kwa brashi laini na ucheki sindano, maana kiangazi vumbi la huku halina adabu.

Kitu kikubwa kabisa ni voliumu, sikio linapenda chenye sauti kubwa, kikizidi kidogo tu utasema ndo bora, kwa hiyo weka simu yenye programu ya kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale unapokaa kusikiliza, usawazishe zote mbili, halafu mwenzako awe anabadilisha wewe usione.

Sikiliza sehemu za taratibu: CD ina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti ndogo na kubwa, santuri kwa kawaida haifiki hapo, ndo unasikia mikwaruzo. Sikiliza pia wimbo wa mwisho wa upande, karibu na katikati ya santuri, "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza. Kwa usafi mimi naipa CD, ila CD nyingine zimebanwa sauti mno studio, ndogo na kubwa zinakaribia kulingana, hapo santuri inapumua zaidi.