Kupiga picha na video za sendofu, hatua kwa hatua

Sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, haina marudio. Binti akishamtafuta mchumba wake katikati ya wageni na kumvisha shada, huwezi kumrudisha kwa sababu betri yako ilizima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi huifanya kabla ya siku yenyewe.

1. Malizana na kamati

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Unaongea na binti, lakini fedha anazo mweka hazina wa kamati ya sherehe. Kaa naye pamoja na mwenyekiti, muandikiane hata ukurasa mmoja: saa za kuanza na kumaliza, wapiga picha wangapi, video ya urefu gani, albamu ya kurasa ngapi, inakabidhiwa lini. Mimi huchukua nusu ya malipo siku ya kusaini na nusu iliyobaki siku tatu kabla ya shughuli. Wapo wanaoniona mkali. Lakini baada ya sherehe kamati hukaa kikao cha mwisho na kuvunjwa, na deni lako linabaki halina mwenyewe. Nimewahi kufuatilia malipo miezi minne mpaka nikakata tamaa.

2. Uone ukumbi usiku

Nenda saa ileile ambayo shughuli itafanyika. Angalia rangi ya taa za jukwaani, soketi zilipo, na njia atakayoingilia binti. Kisha mtafute MC, akupe ratiba na mkubaliane ishara: asiite keki kabla hujamwonyesha kwamba uko tayari. MC mwelewa ni nusu ya kazi yako.

3. Panga kamera

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini humeta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi video kwa fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60 unaweza kuona mistari ikitembea kwenye picha. Kwa picha za mnato za watu wanaocheza, usishuke chini ya 1/125 kama hutumii flashi. Ni bora ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipande, picha iwe na chengachenga kidogo, kuliko sura ya mama mzazi kutoka na ukungu.

4. Sauti

Usitegemee maiki ya kamera. Mwombe DJ akupe waya kutoka kwenye mikisa yake (mashine ya kuchanganyia sauti) uingize kwenye kinasa sauti, na uweke kinasa kingine karibu na spika. Nasaha za wazazi ndizo familia itakazozisikiliza miaka ishirini ijayo.

5. Wakati wa shughuli

Binti akipiga magoti kuwalisha wazazi keki, mmoja wenu awe upande wa binti, mwingine upande wa wazazi. Wageni wakianza kucheza na zawadi, vitenge vikiwa mabegani, rudi nyuma upate foleni nzima, halafu sogea kwenye nyuso. Ikiwa kuna kipindi cha wanawake peke yao, mpeleke mpiga picha mwanamke, na picha zile zisiende mtandaoni bila ruhusa ya familia.

6. Usiku huohuo

Video ya 4K yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Nakili kadi zote kwenye diski mbili kabla hujalala, kila diski ikae nyumba tofauti, na kadi usizifute mpaka familia imepokea kazi.