Somo: Kufanya judo na ndondi ili karate yako ikomae

Somo hili nimelilenga kwa mwenye karate kama msingi, ingawa mtu wa taekwondo au kung fu naye hatatoka mikono mitupu. Hatuendi kukusanya mikanda. Tunakwenda kwa wenzetu na swali moja, na jibu tunarudi nalo kwetu.

Hatua ya 1: Pima msingi wako
Achana na rangi ya mkanda. Mwisho wa mazoezi, ukiwa hoi, fanya kata (mfululizo wa miondoko uliopangwa) unayoijua vizuri na mwenzako akuangalie miguu. Kama zenkutsu-dachi, ule msimamo mrefu wa mbele, imefupika na kisigino cha nyuma kinanyanyuka, bado. Rudi kwenye kihon, mazoezi ya msingi, kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta swali kabla ya mchezo
Tuchukue hikite, ule mkono unaorudi kiunoni wakati mwingine unapiga. Waulize wenzako unafanya kazi gani pale, wengi watakujibu kwamba unaongeza nguvu. Mimi jibu hilo halinitoshi.

Hatua ya 3: Mwambie mwalimu wako, kisha vaa mkanda mweupe
Huko uendako huna cheo. Maneno ya "sisi kwenye karate tunafanya hivi" yaache nyumbani.

Hatua ya 4: Jifunze kuanguka
Usikubali kutupwa kabla ya hapo. Kidevu kiguse kifua, pumua nje, mkono upige mkeka ukiwa umenyooka, kama digrii 30 hadi 45 kutoka mwilini. Usitegemeze kiganja chini kuzuia anguko. Ndivyo watu wanavyovunjika vifundo vya mikono na viwiko.

Hatua ya 5: Lipeleke swali pande mbili
Ndondi kwanza. Rusha ngumi ya kulia huku wa kushoto umeuvutia kiunoni, mwenzako ajibu taratibu. Itakukuta shavuni kila mara. Bondia haweki mkono kiunoni, anaurudisha kidevuni.

Sasa nenda judo. Shika mkono wa vazi la mwenzako karibu na kiwiko, uvute kuelekea kiunoni mwako huku nyonga ikigeuka. Mwangalie miguuni: uzito unahamia vidoleni, visigino vinakuwa vyepesi, bega linakujia. Wanajudo wanaiita kuzushi, kumvunjia mtu mizani. Ngumi ikitoka wakati huo, anaifuata mwenyewe.

Kwa hiyo ndondi imekuonyesha kwamba mkono mtupu kiunoni ni uwazi, na judo imekuonyesha kwamba mkono ulioshika kitu ni silaha. Hikite ile ile, majibu mawili, na yote mawili ni kweli.

Hatua ya 6: Rudi kwenye kata siku hiyo hiyo
Cheza kata ya Naihanchi (watu wa mtindo wa Shotokan huiita Tekki) na usimame pale ngumi zote mbili zinapokaa kiunoni. Mwenzako akupe mkono, uushike, umalize mwendo. Kata usiibadilishe hata kidogo. Kinachobadilika ni unachokiona ndani yake.

Wapo watakaosema huku ni kuichafua karate. Basi wakumbuke kwamba mwaka 1922 Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa, aliionyesha karate Kodokan, nyumbani kwa judo, kwa mwaliko wa Jigoro Kano mwenyewe, mwanzilishi wa judo. Na Hironori Otsuka alikuwa mtu wa jujutsu, sanaa ya mapigano ya Kijapani iliyozaa judo, kabla ya kuwa mwanafunzi wa Funakoshi. Wado-ryu, mtindo wake wa karate, imebeba zote mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miezi minne tu kwenye karate, naweza kuanza Muay Thai?
Jibu: Marahaba. Subiri kwanza. Mawashi-geri (teke la mzunguko) unayofundishwa huenda ikachomoka gotini na kurudi haraka. Teke la Muay Thai linapiga kwa ugoko na kupita na nyonga nzima. Mguu usioijua hata moja utatoa kitu cha katikati kisichokuwa teke.

Swali: Mwalimu wangu amekataa katakata. Nifanyeje?
Jibu: Muulize sababu kwa adabu, mkiwa wawili. Kama mtihani wa mkanda uko karibu, ana haki, vumilia. Kama hana sababu yoyote, mwombe ruhusa ya muda mfupi na usiache zamu zake. Kwenda kwa siri sikushauri, maana mwili utakusema tu.

Swali: Siku ngapi kwa wiki?
Jibu: Tatu kwa msingi, moja kwa ugeni. Ukiona zinalingana, umeshahama.

Swali: Mimi ni taekwondo ya mashindano. Nianzie wapi?
Jibu: Ndondi. Kanuni za taekwondo ya Olimpiki zinakataza ngumi ya uso, hivyo mikono hushuka bila kujijua. Usikimbilie kupigana, omba mwenzako akurushie jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) nyepesi tu, wewe kazi yako ni kinga na miguu. Ukishaizoea, anza kurusha teke mara tu baada ya kuikwepa, umbali ule ule ambao mwanzo ulikuwa unarudi nyuma.